Wasomaji Wauliza: Muvi ya Pili ya Kutisha Imeifikia ya Kwanza?

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimeangukia jambo moja, zile muvi za A Quiet Place, za madude yanayoua yeyote anayepiga kelele, manake toleo lililopita niligusia tu kwamba ya kwanza ndiyo muvi bora ya kutisha niliyoiona miaka hii, na kumbe nimechokoza nyuki. Basi leo tuzungumze. Nimechagua barua tano, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yenye uzito.

SWALI: Salaam kaka. Sisi hapa tumezozana wiki nzima. Mie nasema A Quiet Place ya pili ndo muvi, ile ya kwanza watu wananyamaza tu saa nzima na nusu, wanatembea juu ya mchanga miguu mitupu, wanakula samaki kwenye majani, hakuna kitu. Ya pili haijafika mbali madude yashashuka, magari yanagongana, watu wanakimbia. Wenzangu wawili wanasema mie sijui muvi. Zote tuliziona kwa jamaa mmoja wa video hapa mtaani, zimetafsiriwa na DJ. Tuamue. – Barobaro, Kisauni

JIBU: Ndugu yangu, jibu umeliweka kwenye ile sentensi yako ya DJ. Mie nawapenda hawa madijei wanaosimulia muvi kwa Kiswahili juu ya sauti yake, nimekulia nao, bila wao nusu ya muvi za Kichina nisingezielewa, na mtu anayeweza kuwavunja mbavu watu thelathini kwenye banda la mabati mchana wa jua kali ana kipaji chake na apewe heshima yake. Lakini hii muvi ya kwanza imejengwa juu ya kunyamaza. Yale madude hayaoni hata kidogo, yanawinda kwa masikio, kwa hivo ile familia inaongea kwa ishara za mikono na maneno ya mdomo ni machache mno. Sasa DJ akinyamaza hana kazi, lazima ajaze. Akijaza, muvi yenyewe imeondoka, imebaki picha ya watu wanaopunga mikono shambani. We hukuiona ya kwanza yakhe, uliisikia.

Ngoja nikueleze kilichofunikwa. Yule binti mkubwa, Regan, ni kiziwi kwenye stori, na msichana anayemwigiza, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli. Kila kamera ikiingia upande wake, sauti ya kawaida inakufa. Mashine yake ya kusikilizia ikiwaka unabaki mvumo mdogo tu, ikizimwa sauti inakatika kabisa, hata ule mvumo wa hewa haupo. Dude linaweza kuwa nyuma yake na yeye hana habari, na wewe pia umenyang'anywa masikio, unabaki kuangalia mabega yake tu. Mafundi wa sauti wa hiyo muvi, Ethan Van der Ryn na Erik Aadahl, waliteuliwa kugombea Oscar kwa kazi hiyo, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa kujua wapi watoe sauti. Hapo ndipo DJ alipokuwa akikwambia "eeeh, mtoto wa watu hajui".

Nyanya yangu alikuwa akitusimulia hadithi za majini usiku stima ikipotea, na mikono yake haikukaa bure, alikuwa akikuna nazi juu ya mbuzi. Kr, kr, kr, na hadithi inakwenda. Ikifika pale jini liko mlangoni, hakupaza sauti wala hakutoa macho. Alisimamisha mkono. Ile kr, kr ikikatika tu, sisi wajukuu tunashikana nguo, na hakuna neno lililosemwa bado. Mie nilipoiona A Quiet Place mara ya kwanza nikamkumbuka yeye.

Tena ilinipata vizuri zaidi nilipoirudia mwaka 2020, wakati wa kafyu, zile siku za kuingia ndani saa moja jioni. Nyote mnakumbuka mji ulivyokuwa. Hakuna tuktuk, hakuna honi, hakuna muziki wa matatu, unamsikia mpaka paka akiruka kwenye mabati ya jirani. Nikazima pangaboi, joto lile lile, nikavaa hedifoni. Pale mama anapojifungua ndani ya bafu na dude liko ngazini nilijikuta nimeshika mdomo wangu mwenyewe, mtu mzima niko peke yangu chumbani.

Sasa nije kwenye ya pili na niwe mkweli, kwa sababu wewe nawe una haki yako. Mwanzo wake ni mzuri sana. Wanaturudisha siku ya kwanza kabisa, kimji kidogo, watoto wanacheza besiboli, watu wanapiga soga, alafu kitu kinawaka moto angani na kila mmoja anaanza kukusanya watoto wake polepole, hana haraka bado, si unajua vile mtu anajizuia asionekane ameogopa. Alafu yale yakashuka. Pale mama yuko kwenye gari anarudi rivasi na basi linamjia mbele, hicho kipande kimetengenezwa na mtu anayejua kazi. Dairekta ni yule yule, John Krasinski, ambaye kwenye ya kwanza ndiye baba, na mama ni Emily Blunt, mkewe wa kweli. Safari ya pili alikuwa na pesa pia: ya kwanza ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 17, ya pili zaidi ya milioni 50, na inaonekana. Kwa hivo ukiniambia zile dakika za mwanzo za ya pili zinashinda dakika zozote za ya kwanza kwa mshikemshike, sikupingi.

Ninapokupinga ni baada ya hapo, na nitatumia miguu miwili tu.

Mguu wa kwanza. Kwenye ya kwanza, mama anapanda ngazi za chini ya nyumba akivuta gunia la nguo, gunia linanasa kwenye msumari, anavuta, msumari unasimama wima. Yeye hakuuona. Wewe umeuona. Kuanzia hapo kila mtu akikaribia zile ngazi miguu yako wewe unaikunja kwenye kiti. Muvi inaendelea na mambo mengine, wanakula, wanacheza, na wewe unaubeba ule msumari peke yako, hakuna anayekusaidia. Alafu siku uchungu wa uzazi unamshika yuko peke yake nyumbani, anashuka miguu mitupu, na unajua kabla yake. Anaukanyaga. Na hawezi kulia! Mtu msumari umemwingia wayoni, mtoto anakuja, na sauti lazima aimeze.

Mguu wa pili, kwenye muvi ya pili. Yule kijana Marcus anakanyaga mtego wa chuma wa kunasia wanyama. Pap! Anapiga ukelele ule wa roho kutoka. Nilishtuka, kila mtu anashtuka. Lakini hicho kitu sikukibeba mie, kilinirukia tu kikaisha, dakika mbili baadaye niko sawa. Msumari mpaka leo nikishuka ngazi za giza naukumbuka.

Hiyo ndo tofauti yote kwangu. Ya kwanza inakupa kitu ukishike, ya pili inakurushia.

Alafu kuna nyumba. Ya kwanza iko nyumbani, kwenye ngazi, bafu, meza ya kulia, taa ya mafuta inayoweza kuanguka, vitu ambavyo hata wewe hapo Kisauni unavyo. Ya pili nyumba imeachwa, watu wako safarini, kiwandani, relini, bandarini. Nyanya usiku wa pili alipotaka kutuogofya tena hakulifanya jini likubwa zaidi, alilisogeza karibu na mlango wetu, akataja mwembe wa uani kwetu. Hawa wamefanya kinyume, wamelipeleka mbali.

Na jambo la mwisho ambalo nadhani wengi hawaliangalii kabisa. Kwenye nyumba ile ya kwanza kuna kunyamaza kwa aina mbili. Moja ni ya dude. Nyingine ni ya baba na binti. Mtoto wao mdogo aliuawa mwanzoni kwa sababu ya kidude cha kuchezea kinachopiga kelele, na dada mtu ndiye aliyempa, betri yule mtoto akazichukua mwenyewe kimyakimya. Tangu siku hiyo yule binti anaamini babake hampendi tena. Baba usiku kucha anakesha kumtengenezea mashine za kusikilizia, haziwezi kufanya kazi, anatengeneza nyingine, lakini lile neno lenyewe hajamwambia. Unangoja muvi nzima aliseme. Analisema mwisho kabisa, kwa mikono, na baada ya hapo ndo anapiga ukelele kulivuta dude kwake watoto wapone. Sisi tumelelewa kwenye video kwamba stering, yule shujaa wa muvi, hafi, na hapa stering amekufa, amekufa kwa kupaza sauti kwenye muvi ambayo hakuna aliyethubutu kupaza sauti! Ya pili ingepata wapi kitu kama hicho? Wamemleta Cillian Murphy, mwigizaji mzuri sana, anaigiza jirani aliyepoteza familia yake, uso wake umechoka inavyotakiwa, lakini lile deni la mapenzi lilikuwa limeshalipwa.

Kwa hivo wenzako wamepata kwenye hukumu, ila wasikuambie hujui muvi, manake hujaiona. Tafuta ya kwanza bila tafsiri ya DJ, saa saba usiku, pangaboi uizime japo utatoka jasho, hedifoni masikioni, ukae nayo peke yako. Alafu niandikie.

SWALI: Kaka, mwanangu ana miaka tisa, aliona hiyo muvi kwa binamu zake wakati wa likizo. Sasa hivi usiku haendi chooni peke yake, sahani ikianguka jikoni anakimbilia chini ya meza, na mdogo wake akilia anamziba mdomo. Nifanye nini? – Mama wawili, Tudor

JIBU: Pole mamangu. Hili la kumziba mdogo wake mdomo ndilo la kwanza, kaa macho hapo, usiwaache wawili peke yao kwa sasa. Kule Marekani hii muvi imepewa daraja la PG-13, maana yake mzazi anaonywa kuhusu mtoto aliye chini ya miaka 13, na wako ana tisa, hajavuka hata karibu. Kwa mtoto hii ni mbaya kuliko muvi ya pepo kwa sababu kinacholeta mauti ni kitu anachofanya yeye kila siku, kukohoa, kuangusha kijiko, kucheka.

Usimcheke, na yeyote hapo nyumbani asimtishie kwa hilo dude ili anyamaze, naomba sana. Mchana kukiwa na mwanga, mweleze sauti zilivyotengenezwa. Ile sauti ya dude ya kubofyabofya, mafundi walichukua kile kidude cha kupigia mtu shoti ya umeme wakakigusisha zabibu. Zabibu tu! Dude lenyewe ni kazi ya kompyuta. Alafu mpe sufuria na mwiko apige kelele mpaka achoke, mdogo wake akiwemo, majirani watavumilia siku moja. Aone kelele imepigwa na hakuna kilichokuja. Rudieni kesho yake. Nilimfanyia hivo mpwa wangu ilipomshika muvi nyingine na ilichukua kama wiki mbili, hazikuwa siku mbili, kwa hivo usikate tamaa mapema. Ukiona mwezi umepita na bado halali, mpeleke akaonwe na daktari wa watoto.

Na hao binamu zungumza nao, taratibu, ni watoto pia.

SWALI: Kwenye ya pili wanasema madude hayajui kuogelea ndo mana watu wamehamia kisiwani. Sisi wa Mombasa si tungekuwa salama? – Abiria wa feri, Likoni

JIBU: Wewe uko Likoni, bara ya kusini, kwa hivo njia yako ya karibu ni feri, na feri yenyewe ile honi na injini unaijua. Haya, tuseme umevuka. Kisiwa chetu kina daraja la Nyali, kina Makupa, kina njia ya Kipevu. Dude halihitaji kuogelea, litakuja kwa miguu kama watu wa Kongowea wanavyokuja kazini. Labda Lamu, huko hakuna daraja, magari ni ya kuhesabu, lakini nani atawanyamazisha punda?

Lakini umenigusa mahali pangu. Hicho kisiwa ndicho kipande kilichoniuma zaidi kwenye ya pili, na pia ndicho walichokipita mbio. Regan na yule jirani wanafika, wanakuta watu wanaongea kwa sauti, watoto wanacheza nje, muziki unapigwa. Baada ya muvi moja na nusu ya kunong'ona, kumsikia mtu akisema habari za asubuhi kwa sauti ya kawaida kulinitoa machozi, sioni haya kusema. Mie mtoto wa kisiwani, najua ile hali ya kuona maji yamekuzunguka ukahisi umefungiwa mlango vizuri. Alafu dude moja linafika likielea ndani ya mashua iliyokatika kamba. Hivo tu. Halikuogelea, maji yenyewe yamelileta. Wazo kubwa kama hilo, na wamelipa dakika chache wakakimbilia risasi. Ningekuwa mie ndiye mwenye hiyo muvi ningeianzia hapo kisiwani, tuwajue wale watu, tujue nani alifunga ile kamba, alafu tungoje.

SWALI: Kwani kuna muvi yoyote ya kutisha ambayo ya pili ilishinda ya kwanza? – Fundi stima, Changamwe

JIBU: Zipo, chache. Bride of Frankenstein ya 1935, wengi wanaiweka juu ya Frankenstein ya 1931 na mie pia. Dairekta ni yule yule, James Whale, lakini safari hii lile zimwi limeanza kuongea na linataka mwenzi, na ukishamuonea mtu huruma huwezi tena kumuogopa kwa njia ile ile. Aliens ya 1986 nayo: ya kwanza, Alien ya 1979, ni mnyama mmoja na watu saba ndani ya chombo, kimya na giza. James Cameron hakujaribu kushindana na hilo giza, akageuza ikawa vita, na katikati akamweka mtoto yatima anayehitaji mama. Sijui niseme imeshinda au ni muvi nyingine kabisa, na nadhani hiyo ndo siri yake.

Mfano wa kinyume ni The Exorcist. Ya kwanza, 1973, iliteuliwa mara 10 kwenye Oscar. Ya pili ikaja 1977 bila dairekta wa kwanza wala mwandishi wa kile kitabu, ikapotea njia. Mwandishi mwenyewe, William Peter Blatty, ikabidi arudi kuongoza ya tatu mwaka 1990, na humo kuna kipande cha korido ya hospitali usiku, kamera imesimama mbali haisogei, nesi anaingia chumba hiki anatoka kile. Kitafute. Hakuna muziki, hakuna chochote kinachotokea kwa muda mrefu, alafu...

SWALI: Hujambo kaka. Mie muvi za kutisha siwezi kabisa lakini Lupita wetu yuko kwenye A Quiet Place: Day One na nataka kumuona. Je lazima nianze na zile mbili? – Dada wa saluni, Mtwapa

JIBU: Sijambo dadangu. Si lazima. Day One, ya 2024, inarudi nyuma siku madude yalipofika New York, wahusika wakuu ni wengine, dairekta ni mwingine, Michael Sarnoski, kwa hivo unaingia bila deni. Mwanzoni kabisa wanakuonyesha kelele za New York ni desibeli 90, sawa na mtu anayepiga ukelele bila kupumzika, na mie nikafikiria Mwembe Tayari saa kumi na mbili jioni.

Lupita Nyong'o anaigiza Samira, mwanamke mgonjwa wa kansa ambaye tayari anajua siku zake si nyingi. Kila mtu anakimbia kuokoa maisha, yeye anatembea upande mwingine kwenda kutafuta pizza Harlem, mahali alipokuwa akienda na babake. Kwa hivo swali si kama atapona. Ndo mana naiweka juu ya ya pili, na hili najua litaleta barua nyingine. Hapa kuna mtu tena ndani ya kunyamaza, hakuna mbio tu. Kuna kipande yuko na yule kijana mgeni, Eric, mvua inanyesha, wanangoja radi ipige ndo walie kwa sauti, radi ikiisha wananyamaza, wanangoja nyingine. Lupita hapo hatumii neno, ni shingo na macho.

Anatembea na paka wake muvi nzima, na Lupita mwenyewe alikuwa akiogopa paka maishani, akabidi azoeshwe kabla ya kupiga picha. Ukiona anavyomkumbatia huwezi kuamini.

Kwa kuogopa kwako: iangalie mchana, mlango wa saluni wazi, pamoja na mteja anayesukwa. Vipande vigumu ni vile watu wengi wako barabarani wanatembea pamoja, na kule chini kwenye njia za treni maji yakiwa yamejaa. Hapo angalia miguu yako mpaka mteja akuambie imepita. Mwisho usiukose, na usimruhusu mtu akuhadithie.